Uzi Mwekundu Mkiani mwa Malkia

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni mwa boma, nimeshika ndoo ya maziwa yasiyofaa mtu, na binti yangu ananiita kutoka jikoni. Wengi mmeuliza kama niliyamwaga. Ngojeni. Mkishasikia, mtajua kwa nini sina usingizi.

Kwa wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: mimi naitwa Nyabate, mama wa Bochaberi. Tunaishi upande wa Sotik, pale Wakisii na Wakipsigis wanapakana ua kwa ua. Chai yetu ilipigwa na mvua ya mawe. Mume wangu Ombati akaanguka na mzigo wa majani, hadi leo anatembea na magongo. Halafu ng'ombe wetu wa pekee, Malkia, akavimba kiwele. Hayo nimeshayaeleza, sirudii.

Daktari wa mifugo, Kipngeno, alikuja akamdunga Malkia dawa, akamfunga uzi mwekundu mkiani. Huku kwetu uzi huo hauhitaji maelezo. Hata mtoto mdogo akiuona anajua: huyu ng'ombe yuko kwa dawa, maziwa yake si ya chai, si ya kituo cha kukusanyia maziwa, si ya mtu.

"Mama Bocha," Kipngeno aliniambia, "uzi huu nitaufungua mimi. Si wewe, si mzee. Mpaka nirudi, maziwa mpe mbwa."

"Mbwa mmoja atamaliza ndoo nzima, daktari?"

"Basi mwaga."

Mwaga! Kwetu maziwa hayamwagwi. Mama yangu alinichapa kwa sababu ya kikombe kimoja. Na jirani zetu Wakipsigis ndio usiseme, kwao maziwa ni kitu cha kubarikia watu. Nilijibu "sawa daktari" huku moyo ukikataa.

Sasa, binti yangu.

Bochaberi alisomea mambo ya vyakula chuoni, akarudi nyumbani bila kazi lakini na wazo. Wazo lenyewe nililicheka kwanza. Alikuwa anatengeneza karatasi ya kufungia vitu, na anaitoa kwa maziwa! Anaengua malai, anapasha maziwa, anatia siki mpaka yakatike. Yale mabonge anayaosha, anayayeyusha na soda ya kupikia na gliserini kidogo ili isipasuke. Halafu anapaka juu ya kioo cha dirisha letu la zamani. Ikikauka unaibandua nyembamba, inang'aa, kama ule utando wa juu ya uji uliopoa.

Ndani yake anafunga majani ya chai na sukari. Wewe hufungui kitu. Unatupa pakiti nzima kwa maji moto, karatasi inayeyuka, chai inakuwa ya maziwa. Hakuna takataka. Hakuna nailoni ya kupepea shambani mpaka ng'ombe aimeze.

"Yaye! Huu si uchawi?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Ni maziwa tu, Mama."

"Karatasi ya maziwa."

"Si karatasi! Nimekuambia mara ngapi? Ni chakula. Mtu anaila, inaingia tumboni."

Nilisikia kwa masikio. Kichwani mwangu ilibaki karatasi.

Maziwa ya kazi hiyo alikuwa akiyaleta jirani yetu Janeffer. Huyu si jirani tu. Ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha maziwa, na ndiye aliyenishika mkono nilipozaa Bochaberi barabarani tukienda hospitali. Mimi naye hatuna ua katikati, ingawa ua upo.

Na kuna jambo la Janeffer ambalo wanawake wote wa kikundi wanalijua, maana tunamtania nalo. Penisilini inamuua. Zamani alidungwa sindano ya jino kwenye zahanati, akavimba uso, pumzi ikakata, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kichwa chake. Tangu siku hiyo akiingia zahanati anatangaza kabla hata ya salamu.

"Mimi penisilini hapana! Habari zenu?"

Tunacheka. Tunasema Janeffer anaogopa sindano kuliko anavyomwogopa mume.

Nimelitaja hilo mapema ili usije ukanihurumia. Nilijua. Nilijua kabisa.

Basi asubuhi ile Bochaberi alikuwa na haraka. Kesho yake kulikuwa na maonyesho ya wakulima pale Sotik, na wakubwa wa chama cha maziwa walikuwa wamesema watakuja kuiona chai yake. Wakiipenda, watampa chumba kituoni na mashine ya kukaushia. Aliwekea siku hiyo matumaini yake yote. Alikuwa ameenda Kericho kununua gliserini jioni iliyotangulia, kwa hiyo Kipngeno alipokuja kudunga, yeye hakuwepo. Alijua Malkia ana kiwele kibaya. Hakujua amedungwa.

Nikiwa nakamua, Janeffer aliniita juu ya ua.

"Mama Bocha! Chamgei, habari ya asubuhi! Mwambie msichana anisamehe, leo sina hata tone. Ndama amekata kamba, amenyonya yote. Ukimwona, tumbo kama ngoma!"

"Na yeye anapika leo kwa ajili ya kesho!"

"Kai! Atafute kwingine basi. Na Malkia?" Akachungulia, akaona mkia. "Pole. Kumbe yuko kwa uzi."

Akaenda zake.

Nikabaki na ndoo. Ilikuwa imejaa, maziwa mazuri meupe yenye povu. Mbwa ameshakunywa, amelala. Nilipaswa kuinamisha ndoo ile kwenye majani na kumaliza maneno.

"Mama!" Bochaberi akaita. "Anti Janeffer ameleta maziwa?"

Hapo ndipo niliwaacha wiki iliyopita. Sasa jibu langu ni hili.

"Ndiyo," nikasema. "Ameleta."

Nilijiambia nini? Nilijiambia hayo si maziwa ya kunywa. Ni ya karatasi. Karatasi inapikwa, inatiwa siki, inakaushwa. Dawa gani itabaki humo? Nilijiambia namsaidia mtoto na sijamwaga baraka. Mambo mawili mazuri kwa ndoo moja.

Lakini kama niliamini hivyo kweli, kwa nini nilirudi bomani, nikamshika Malkia mkia, nikafungua ule uzi? Niliufungua ili Bochaberi akija kuchota maji asiuone. Nikausokota ndani ya kitambaa changu cha mkono, nikatia kwenye mfuko wa sweta.

Mikono yangu ilijua. Mdomo ndio ulikuwa unajidanganya.

Jikoni, Bochaberi alipapasa ndoo kwa nje.

"Ya moto bado. Anti amekimbia kweli."

"Anakupenda," nikasema.

Mungu wangu.

Alipika siku nzima akiimba. Mimi nikamfulia blauzi ya kuvaa.

Siku ya maonyesho, Sotik ilijaa. Kulikuwa na watu wa mahindi kutoka Sigor, watu wa asali, watu wa kuku. Lakini meza ya binti yangu ndiyo iliyokuwa na umati. Alipotupa pakiti ya kwanza kwenye glasi ya maji moto na chai ikageuka nyeupe mbele ya macho ya watu, makofi yalipigwa.

"Na karatasi iko wapi?" mzee mmoja akauliza, anachungulia chini ya meza.

"Uko karibu kuinywa, Mzee."

Watu wakacheka. Meneja wa chama cha maziwa, mwanamume wa tai, akasogea mbele.

"Kabla mimi sijaonja, nani mwingine ataonja? Nisije nikafa peke yangu."

"Mwenyekiti wetu!" wanawake wa kikundi wakapiga kelele. "Janeffer! Janeffer aonje!"

Janeffer akatoka mbele akitingisha mabega kama bibi harusi. Bochaberi akamtengenezea kikombe, akampa kwa mikono miwili.

Nilikiona kikombe kikipanda.

Nikakumbuka kila kitu kwa mara moja. Uzi. Sindano. Kichwa chake mapajani mwangu, siku ile ya zahanati. Nilikuwa mita chache tu. Ningepiga kelele. Ningejiangusha juu ya ile meza, glasi zivunjike, watu waniite mwendawazimu.

Lakini meneja alikuwa anatabasamu. Na binti yangu alikuwa ananitazama mimi, katikati ya watu wote wale, uso umejaa furaha, kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule.

Nikanyamaza. Nikasema moyoni: ni karatasi tu, ni nyembamba, haitafanya kitu.

Janeffer akanywa, akalamba midomo.

"Wanawake! Tutatupa masufuria!"

Makofi tena. Meneja naye akanywa. Wengine wakanywa. Hawakudhurika. Nikaanza kupumua.

Halafu Janeffer akajikuna shingo.

Akajikuna tena. Akakohoa. Akanigeukia mimi, si mtu mwingine, na midomo yake ilikuwa imeanza kujaa.

"Mama Bocha," akasema, na sauti ikakwama. "Mama Bocha, kama ile... kama ile siku..."

Akaanguka juu ya meza.

Sitaeleza kelele zile. Pikapu ya mtu wa kuku ndiyo iliyotubeba. Bochaberi alikuwa nyuma na Janeffer, anampepea kwa ile blauzi yake niliyoifua, amebaki na fulana, analia, "Anti, pumua! Anti, nimeweka nini mimi? Nimeweka nini?"

Nilikaa karibu yake. Nilikuwa na jibu mdomoni. Sikulitoa.

Mama unayesoma hii na ng'ombe wako ana dawa, nisikilize. Usiseme ni kidogo. Usiseme ni ya mandazi, ni ya kupaka, ni ya karatasi. Kitu kikishaingia kinywani mwa mtu, hakiulizi kilikuwa kinaitwa nini.

Hospitalini walimdunga sindano ya kufungua pumzi. Dakika zile nilimuahidi Mungu mambo ambayo hata siyakumbuki. Daktari alipotoka alisema atapona, lakini amedhuriwa na kitu kama dawa ambayo mwili wake unaikataa.

"Penisilini," mume wake Weldon akasema. Alikuwa amekuja mbio kutoka Kericho anakofanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai. "Lakini yeye hagusi penisilini! Nani amempa?"

"Amekunywa chai tu," nesi akasema.

Watu wote kwenye kile chumba wakamgeukia binti yangu.

Afisa wa afya alifika upesi, mama mmoja mkavu anaitwa Priscah. Alikuwa amekusanya glasi zote za Bochaberi na pakiti zote, ametia kwenye gunia. Alikuja moja kwa moja kando ya kitanda. Janeffer alikuwa amelala macho yamefumbwa, uso umevimba kama mkate.

"Binti, wewe ndiye uliyetengeneza?"

"Ni mimi, Madam."

"Nje huko wanasema umewalisha watu kemikali. Meneja anatapika kwenye choo cha wanaume, na hakuna kinachomuuma. Ni woga tu. Niambie uliweka nini."

Bochaberi akataja: maziwa, siki, soda ya kupikia, gliserini, maji. Hakuruka kitu.

"Basi kuna njia mbili," Priscah akasema. "Kama dawa ilikuwa kwenye maziwa, nataka mwenye ng'ombe. Kama haikuwa kwenye maziwa, basi imetoka mkononi mwako, na hiyo nitaipeleka polisi leo. Na karatasi yako usahau. Maziwa yalikuwa ya nani?"

Bochaberi akamtupia Janeffer jicho. Nilimwona anakataa kusema. Hakutaka kumlaumu mgonjwa mbele ya mume wake.

"Ya nani, binti?"

"Ya Anti Janeffer mwenyewe," akasema polepole. "Yeye ndiye huniletea. Mama aliyapokea."

"Haiwezekani!" Weldon akaruka. "Ng'ombe wetu mzima! Hajadungwa!"

Ndipo Janeffer akafungua macho.

Hakumtazama mume wake. Hakumtazama afisa. Alinitafuta mimi. Akanitazama muda mrefu, na mimi nikamwona anavipanga vitu: ndama, kamba, ua, mkia wa Malkia. Anapanga kimoja juu ya kingine mpaka juu.

Nikangoja aseme. Nakuambia ukweli, nilitamani aseme. Nilitaka mtu mwingine anibebee ule mzigo wa kuanza.

"Maziwa ni yangu," Janeffer akasema.

Weldon akageuka kumtazama.

"Ng'ombe wangu alikuwa kwa dawa," akaendelea, kila neno linatoka kwa shida. "Nilinyamaza. Huyu mtoto hakujua. Mwacheni."

"Janeffer, ng'ombe alidungwa lini?" Weldon akauliza.

"Weldon, wewe unalala Kericho. Unajua nini ya ng'ombe?"

"Lakini wewe na penisilini..."

"Nyamaza, mzee. Naumwa koo."

Priscah akatingisha kichwa kwa masikitiko. "Mwenyekiti wa kikundi mwenyewe! Unajua chama kitakufukuza? Hakuna kituo kitapokea maziwa yako tena."

"Najua."

"Na ungekufa kwa maziwa yako mwenyewe."

"Hiyo pia najua," Janeffer akasema, na bado alikuwa ananitazama. Hakukuwa na hasira kwenye macho yale. Ingekuwa hasira ningeiweza.

Ananifunika, nikaelewa. Nilikuwa nimekaribia kumuua, na yeye anavua shuka lake ananifunika nalo, mimi na binti yangu. Akisema ni Malkia, nani ataamini kwamba Bochaberi, anayelala nyumba moja na mimi, hakujua?

Priscah akanigeukia.

"Mama, wewe ndiye uliyeyapokea. Ni kweli yalikuwa ya huyu?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ukweli ulikuwa na maneno machache tu: hapana, ni ya kwangu.

Nikamtazama Bochaberi amekaa na fulana yake, macho mekundu.

"Ni kweli," nikasema.

Janeffer akafumba macho.

Jasho likanitoka usoni. Likaingia machoni, likachoma. Nikatia mkono kwenye mfuko wa sweta nitoe kitambaa nijifute. Nikakivuta. Kikafunguka.

Na ule uzi mwekundu ukaanguka sakafuni.

Haukutoa sauti yoyote. Weldon alikuwa ameinama juu ya mke wake. Priscah alikuwa anafunga mdomo wa gunia. Ni mtu mmoja tu aliyeuona ukianguka.

Bochaberi aliutazama. Una mafundo ya Kipngeno, una manyoya ya mkia yamenasa humo, manyoya ya kahawia kama ya Malkia, na kwa Janeffer kuna ng'ombe mmoja tu, mweusi tititi. Binti yangu amekulia bomani. Hakuhitaji kuelezwa.

Akainua macho. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemzaa.

Halafu akasogeza kiatu chake, taratibu, akaukanyaga ule uzi.

Nimeshawaambia makosa yangu mengi kwenye gazeti hili. Lakini lile la kumwona mtoto wangu anaficha kitu chini ya kiatu, kwa ustadi, uso hauna kitu, kana kwamba amefanya hivyo maisha yake yote, hilo ndilo lililonivunja. Hiyo hakufundishwa chuoni.

"Sasa," Priscah akasema, "nataka kumwona huyo ng'ombe kabla hakijafanyika kitu. Namjua Kipngeno. Hadungi ng'ombe bila kumfunga uzi. Nitaangalia mkia tu, na nitajua kama mwenyekiti anasema kweli."

Mkono wa Janeffer ukaanza kukunja shuka. Ng'ombe wake hana uzi. Hajawahi kuwa na uzi.

"Weldon, wewe baki na mgonjwa," Priscah akasema. "Nani mwingine ananipeleka kwa hilo boma?"

Akageukia mlango na gunia lake.

"Mama atakupeleka," Bochaberi akasema.

Alisema hivyo akiwa amemtazama afisa, si mimi.

"Yeye anaijua njia. Na ng'ombe wote wa pale anawajua kwa mikia."

Kisha akainua mguu, akarudi nyuma hatua, akauacha uzi pale sakafuni, karibu na kiatu changu, mahali ambapo ningeweza kuinama na kuuokota nikaufunge kwa ng'ombe wa Janeffer, au kuuacha afisa auone akigeuka.